Siku Tuliyompa Potwe Mgongo

Mvua ya kwanza ikigonga bati, hapa Newala hakuna anayebaki ameketi; maji ni ya shida, kila mtu hukimbilia chombo cha kukinga. Ni mlio huohuo uliotufanya mimi na mama tumpe mgongo samaki mkubwa kuliko basi.

Nilikuwa darasa la nne. Mama alinichukua likizo kwenda Mafia kumtembelea shangazi yangu, aliyeolewa huko. Kabla ya kuondoka nilikuwa nimemtangazia rafiki yangu Somoe kwamba nitamwona potwe, papa mwenye madoa asiyekula watu.

"Papa asiyekula watu?" Somoe alicheka. "Huyo si kambale tu!"

Nikaapa kurudi na habari kamili.

Lakini bahari ilichafuka likizo nzima, tukabaki kutazama popo wakubwa wakigombania maembe. Mama alivutiwa zaidi na kisima cha shangazi, ambacho maji yake ungeyafikia kwa mkono. Kila asubuhi alikwenda kukijulia hali, kama mtu aendaye kumwona mgonjwa.

Siku ya mwisho bahari ikatulia. Shangazi akatuombea nafasi kwenye boti ya jirani yake, Mzee Bakari, aliyekuwa akipeleka wageni kumtafuta potwe, naye akapanda nasi. Tulipita kando ya mikoko iliyojaa ndege weupe, yangeyange, maji ni maangavu hata nyota za bahari zilionekana zimelala mchangani. Nilikodoa macho mpaka yakauma. Kesho yake tulikuwa tunaondoka.

Ghafla mvua ikashuka. Matone yalipiga turubai la kivuli, maji yakaanza kuchuruzika upande wa kushoto kama bomba. Mama akaruka, akanyakua beseni.

"Shika huku!"

Nikashika. Mtoto wa Newala haulizi.

"Mama Zuhura," Mzee Bakari akasema, "utayapeleka wapi hayo?"

"Baba, wewe endesha. Maji matamu yanamwagika kwenye chumvi, nami nikae nayatazama?"

"Wifi, leo umeniaibisha!" Shangazi alicheka mpaka akajishika mbavu.

Hapo abiria wa upande wa kulia wakapiga yowe. "Huyooo! Potwe!"

"Litamwagika!" mama akafoka.

Nilipopata kugeuza shingo, niliona maji yanazunguka tu. Potwe alikuwa amezama chini ya boti. Nililia hadi ufukweni, na mama akaninawisha uso kwa maji ya beseni lile.

Nilikuja kumwelewa nilipopata nyumba yangu na tangi langu la kuangalia kiangazi kizima. Mama alijifunza kutembea na ndoo kichwani akipanda kutoka bondeni, akiwa mdogo kuliko mimi wa siku ile. Mikono yake isingeweza kungoja ruhusa ya mtu.

Ila juzi, mbele ya wanangu, alitamka jambo jipya. Eti yeye alimwona. Potwe alipita chini ya boti, akaibukia upande wetu, hatua moja tu kutoka kwenye beseni, pezi lake la mgongo limekatika ncha. Shangazi anaapa hakuna kilichoibuka. Mimi siwezi kuamua, maana wakati huo nilikuwa nimegeukia kulia.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ningekwambia, ungeachia beseni."