Watoto wa Kostiki

Usiku ule nililala na harufu ya mawese mwilini, nimechoka hata kuoga nikashindwa. Sufuria la sabuni liko nje, uji mtupu kwa mara nyingine. Tangu mama amwage maji juu ya kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni, ikachemka na kumrukia mkononi, tunatumia magadi tu. Magadi ni mapole. Ila sabuni haigandi.

“Basi, mwanangu,” mama alisema. “Kesho naenda vibarua vya kulima.” Na mkono ule!

Nikasinzia. Nikamwona Mwalimu Tabu, aliyetufundisha kemia kidato cha pili mpaka alipofariki. Amekaa kwenye kigoda chetu, anakoroga sufuria letu, wala sishangai.

“Hee! Bado unasinzia kwenye kipindi changu?”

Nacheka. Sufuria linapanuka, limekuwa bwawa. Watu wanashuka majini, kila mmoja kashika mtoto mtundu mkononi. Wakigusa maji tu wanawaachia watoto wote, watoto wanarukaruka, wanauma, maji yanapata moto.

“Hao ndio kostiki,” anasema.

Wengine wanashuka mikono mitupu. Wanayaomba maji watoto. Wachache wanapewa, na wengine wakishapewa wananyang’anywa.

“Magadi hao. Na asidi nazo, zenye watoto wa aina yao, zina tabia hizo. Maji ya betri yanaachia wote, ndimu inaachia wachache.”

“Nikizidisha magadi, Mwalimu?”

“Jaza bwawa zima. Bado watakaopewa ni wachache. Usiwagombeze, ndivyo walivyo.”

“Na mkono wa mama?”

Bwawa limekuwa ndoo. Anavaa glovu, anatia maji, kisha anadondoshea kostiki kidogo kidogo, anakoroga. Ndoo inapata joto, inatulia.

“Maji yatangulie,” ananiambia taratibu. “Kamwambie.”

Nikaamka. Mama yuko mlangoni, jembe begani.

“Mama, usiende! Maji yatangulie!”

“Maji gani tena alfajiri hii?”

“Ya kostiki. Maji kwanza, kostiki juu yake, kidogo kidogo. Mwalimu Tabu kaniambia.”

“Si marehemu yule?”

“Ndiyo, mama.”

Akateremsha jembe, akakaa kizingitini kama mtu aliyetembea siku nzima, akaupapasa mkono wenye kovu.

“Haya,” akasema. “Vaa glovu. Leo unakoroga wewe.”