Samaki Mmoja wa Bosi

Mpaka leo nikikumbuka naona haya. Usiku wa kuamkia safari ile ya uvuvi aliyonialika bosi nilikesha na swali moja: nimwambie bosi kwamba sijawahi kuvua samaki, au ninyamaze? Miezi yangu ya majaribio kazini ilikuwa inaisha wiki ile, na kwenye usaili aliponiuliza napenda nini nilijibu "uvuvi", kama nilivyoandika kwenye wasifu (mtu wa Kisumu, nani angebisha?).

Nikanyamaza. Basi Jumamosi hiyo ya Mei, baridi ya huko ikiwa imeanza, tulikuwa watatu kwenye bwawa nje ya Johannesburg: mimi, bosi wangu Bwana Johan, na Papa Jean, dereva wetu Mkongo. Anga halina wingu, jua linawaka, na nyasi zimeganda barafu. Nikatangaza kwamba jua kama hili litawapandisha samaki juu. Bwana Johan akatikisa kichwa: baridi ikija na anga jeupe hivi, bass, samaki tuliowafuata, huzama kwenye mawe wakazubaa, kwa hiyo chambo kiburutwe polepole chini kabisa. Mimi kwa baridi ile nikawa navuta kama ninayefukuzwa.

"Petit," Papa Jean akaniambia, maana mimi kwake ni "mdogo" kwa Kifaransa, "ule samaki alikukosea nini? Unamuchapa fimbo ya bure."

Saa saba, mawe yalipopata joto kidogo, Bwana Johan akanasa mmoja, wa pekee siku nzima.

"Mshike vizuri, nafuata kamera garini," akasema, na Papa Jean akamfuata kuchukua chai.

Nikabaki nawaza. Samaki anahema (shangazi yangu hugomba sana ukimwacha samaki ateseke), na mtaalamu gani hukaa amemshika tu? Nikampiga jiwe la kichwa, nikampasua, nikatoa matumbo, nikaanza kumpara magamba, tena kwa madaha.

"Petit," Papa Jean akanong'ona nyuma yangu, "huyu tunamupigaka picha, kiisha tunamurudisha mu maji."

Bwana Johan alikuwa amesimama na kamera yake. Nilikuwa na magamba mpaka kwenye nyusi.

"Bosi," nikasema, "sijawahi kuvua. Nilikudanganya kwenye usaili. Samaki najua kumpika na kumla tu."

Akamtazama samaki, akanitazama mimi.

"Kumpika unajua kweli?"

"Kweli."

"Basi washa moto. Jumatatu uje usaini mkataba, na samaki wangu usimguse tena akiwa hai."

Nilishusha pumzi kwa nguvu mpaka Papa Jean akacheka. Jioni hiyo, kabla hata ya kunawa magamba, nilifungua wasifu wangu, nikafuta "uvuvi", nikaandika "mapishi".