Wimbo wa Tatu wa Ngurumo

Harufu ya dawa ya pamba bado inanipandisha hasira. Ngoma zangu zilikuwa ndoo za dawa hiyo, na hata tulipozisugua kwa majivu, jua la kijijini kwetu Migato likiwaka zilinuka mpaka machozi yakanitoka. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mpiga ngoma wa bendi ya metali. Chekeni tu. Hata mayu, mama yetu, alicheka. Alisema tunapiga kama watu wanaofukuza nyani shambani.

Bendi iliitwa Ngurumo, na ilikuwa ya dada yangu Kabula. Alikuwa na miaka kumi na minane na gita bovu la kwaya alilolifufua mwenyewe. Thrashi, ile metali inayokwenda mbio kama ng'ombe waliokurupushwa, aliikuta kwenye memori kadi ya simu aliyoinunua mnadani Bariadi. Binamu yetu Masanja alipiga besi. Kabula aliimba Kisukuma, lakini kwa sauti ya kukoroma na kufoka, na mimi nyuma ya ndoo zangu sikuambulia hata neno moja.

Tulidumu mwaka na nusu. Nyimbo nne tulizorekodi kwa simu zilirushwa kutoka simu hadi simu, zikafika mpaka Mwamapalala. Tukaalikwa kupiga ukumbini Bariadi, Jumamosi mchana. Vijana waliruka mpaka vumbi likatupalia. Katikati ya wimbo wa tatu, Mzee Shigela, mzee wa kanisa letu, alisimama akatoka.

Kesho yake baada ya ibada alikuja nyumbani. Mayu alikuwa Mwamanyili, akimwuguza bibi.

"Binti yako anaita mapepo," alimwambia baba.

Baba alituita uani. Hakumtazama Kabula. Alinigeukia mimi.

"Wewe uliyekuwa unapiga ngoma, dada yako anaimba nini?"

"Sijui, baba."

"Ni mapepo?"

Niliogopa. Nikasema, "Labda."

Baba alichukua shoka akalipasua gita, kisha ndoo zangu, moja baada ya nyingine. Mzee Shigela aliketi kwenye kiti cha wageni akinywa maziwa ya mgando. Kabula alinitazama mimi tu. Wiki ile ile alihamia Mwanza, na hajaimba tena.

Mwaka huu kijana mmoja wa Dar alinitafuta kwa simu. Kumbe huko wapo watu wanaovaa fulana zenye jina la Ngurumo! Alitaka maneno ya wimbo wa tatu. Nikampigia Kabula, akanitamkia polepole. Wimbo ulisimulia habari za mzee aliyeswaga ng'ombe wa mahari mpaka kwenye mji wa mtu ili aoe binti wa darasa la saba. Baba wa binti akawafungulia zizi. Mama akasimama langoni na jembe mpaka wakarudishwa.

"Mzee gani?" niliuliza.

"Shigela. Binti ni mimi. Wewe ulikuwa mdogo mno."

"Baba aliusikia?"

"Alikuwa mlangoni pa ukumbi. Alisikia kila neno."

Miaka yote hii nimejichukia kwa ile "labda". Sasa hasira yangu imepata wenyewe. Wanaume wawili wazima walikuwa wameuelewa wimbo ule vizuri kabisa, wakamtafuta mtoto asiyeuelewa, wakamfanya shahidi.