Nailoni ya Bi Kulwa

Siku ya kwanza kwenye duka la kompyuta, pale Mpanda mjini, msimamizi wa stoo, Deo, alinikabidhi kitambaa laini akaniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia la saba. "Hapa hatutaki vyeti, tunataka macho," akasema. Macho ninayo mpaka leo. Kazi ndiyo sina, na walioniondoa nawataja.

Nilikuwa napima skrini za kompyuta, zile pana, zikishushwa kwenye lori. Unawasha, unaweka picha nyeupe tupu, halafu nyekundu, kijani, buluu, unatafuta nukta iliyokufa, yaani kadoa kasikobadilika rangi. Kisha unaweka nyeusi, unafunga mlango wa stoo, unaangalia kama mwanga unavuja pembeni. Mwisho unasogea kushoto na kulia, maana skrini mbovu ukikaa upande rangi zinageuka. Vijana wa sasa mkiona picha inacheza mnasema nzima. Nzima gani?

Sasa kuna ile nailoni ya kiwandani, inayobandikwa juu ya kioo kisikwaruzike. Mimi nilikuwa naitoa ndiyo napima. Nikahamishiwa mbele, kaunta, chini ya Meneja Rajabu, na huyo akapiga marufuku kuitoa.

"Mteja akikuta nailoni haipo anasema mtumba. Pima nayo hivyo hivyo."

"Meneja, hiyo ni kumpima mtu macho kavaa miwani ya jua."

Akacheka. Deo, aliyenifundisha kuitoa, alikuwepo. Akanyamaza, anakunywa chai yake.

Bi Kulwa, mpiga picha wa Kabungu, akanunua skrini moja. Nikamwomba, "Mama, ukifika nyumbani hii nailoni itoe." Akanikata jicho. "Niitoe ili izeeke? Nyie mmezoea kuharibu vya watu."

Nailoni ikafifisha kila kitu. Yeye akadhani picha zake ndizo zina giza, akaziongezea mwanga, harusi nzima ya watu wa Mwese. Zilipochapwa, bibi harusi katoka kama kapakwa unga. "Huyu siyo mtoto wetu," wakamrudishia zote. Akaja na skrini kwenye pikipiki, flashi na picha zile mkononi, analia.

"Aliyepima ni huyu," Meneja akasema, kidole kwangu.

Deo akaongezea, "La saba, utamlaumu vipi."

Nikawasha skrini, nikafungua picha ya yule bibi harusi kwenye flashi, nikashika kona ya nailoni nikaibandua yote. Unga ule ule ukaonekana kwenye skrini. Bi Kulwa akaiweka picha ya karatasi pembeni yake, akatazama huku, akatazama huku.

"Kumbe skrini ni nzima, ni nailoni tu," akasema taratibu.

Meneja akaokota nailoni sakafuni. "Umevua mali ya mteja. Nenda nyumbani." Na Bi Kulwa, simfichi, akauliza kama anaweza kubandikiwa nyingine mpya.

Sasa nipo Kasansa, nafuga mbuzi. Mwanangu kanunua televisheni pana, nailoni ipo juu mwaka wa pili, vumbi limeshaingia chini yake. "Baba usiguse, itachakaa." Basi jioni tunatazama taarifa ya habari, watu wote wamo ndani ya ukungu, na mimi nanyamaza, nakunywa chai, kama Deo.