Yaya Kwenye Tuzo za Klipu

Televisheni yetu ilikaa muda mrefu imefunikwa kitenge cheusi. Mama aliifunika mwenyewe siku tuliyomzika yaya, dada yangu mkubwa, na hakuna aliyethubutu kuigusa, hata papa, baba yetu, ambaye mpira kwake ni nusu ya dini. Mimi nilishukuru. Tulifanana mno, mimi na yaya, na kile kioo kikizimwa kilikuwa na tabia ya kunionyesha mtu anayepita sebuleni. Wiki zile za kwanza watu wa Kabondo, mtaa wetu, waliniona njiani wakashtuka, wengine wakavuka upande wa pili wasinisalimu. Ningependa kusema sikuwalaumu, lakini niliwalaumu, na nyumbani nilikuwa nikichana nywele bila kujitazama.

Kitenge kile kiliondolewa kwa sababu ya tuzo za klipu. Kituo kimoja cha televisheni hapa Kisangani huandaa sherehe ya kutuza video za muziki, na huirusha moja kwa moja kutoka ukumbini. Yaya alikuwa amecheza katika klipu ya mwanamuziki mmoja wa mtaani kwetu. Sehemu yake ilipigwa Wagenia, kwenye maporomoko ya mto, juu ya miamba, karibu na mitego ya wavuvi. Alikuwa tayari mgonjwa, gauni la njano walilomvalisha lilimning'inia mwilini, lakini kumwambia apumzike ilikuwa kutafuta ugomvi. Baada ya hapo ikawa hospitali, kisha makaburi, na klipu ikabaki nusu. Hadithi ilimtaka msichana atoke mjini kwa toleka, baiskeli zetu za abiria, afike mtoni. Mto ulikuwepo, mji haukuwepo. Mwanamuziki akaja na tonton wake, mjomba, kumwomba papa, kwa adabu zote, nimalizie mimi.

Nilidhani mama angewafukuza. Aliingia chumbani, akatoka na lile gauni limefuliwa na kupigwa pasi, akaniambia nivae. Lilinibana kiunoni. Pamoja na sabuni yote ile, kwapani lilikuwa bado na harufu ya yaya, na siku nzima ya kupiga picha nilijinusa mimi nikamnusa yeye. Mwenye toleka alinung'unika kwamba mimi ni mzito. Mpiga picha aliniambia nisicheze kama mimi, nicheze kama yaya. Sijamsamehe mpaka leo.

Mama hakuja kutazama. Na hakuwa na video hata moja ya yaya, kwa sababu simu ya yaya ilipotelea hospitali, tukabaki na picha za kitambulisho na moja ya komunio ya kwanza ambayo hata si yeye sana. Mwanamuziki naye aliificha klipu mpaka siku ya tuzo. Kwa hiyo mama alikuwa akingoja jambo moja tu, na alilisema kila tulipokaa kuchambua pondu, majani ya muhogo: "Minataka nimuone anatembea. Mara moya tu. Kisha nitanyamaza."

Sherehe ilitangazwa itaanza alasiri. Mama wadogo wote walifika na viti vyao vya plastiki, jirani akatuazima jenereta, jenereta ikanguruma nyuma ya nyumba, ikabidi tupandishe sauti mpaka mwisho. Jua lilikuwa linazama walipoanza. Mtangazaji alivaa koti linalometameta. Alisema Kifaransa hadi akachoka, akaingia Lingala, na alipotaka kuchekesha akaja kwenye Kiswahili. Maikrofoni ilipiga kelele. Wakubwa wakapanda mmoja mmoja kuhutubia, hata mama mdogo mmoja akauliza kama kuna tuzo ya kuongea, maana tumeshampata mshindi. Tulicheka, na mama alicheka pia, huku mikono yake ikisokota ncha ya kitenge alichojifunga.

Wakatoa tuzo ya mavazi. Wakatoa ya taa. Kisha wakafika kwenye densi, na vipande vya klipu zilizoshindana vikaanza kupita. Cha kwetu kilikuja mwisho. Msichana wa gauni la njano amekaa upande kwenye toleka, barabara inakimbia nyuma yake, anageuka, anaitazama kamera na kucheka. Nilikuwa mimi.

Mama alisimama.

"Njo yeye, ni yeye," akasema. "Muangalie, njo yeye. Iko anacheka."

Mama wadogo wakaangua kilio. Mmoja alipiga magoti mbele ya televisheni, mwingine akawa anaita jina la yaya na kumuuliza kwa nini alituacha. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika sinia ya ndizi za kukaanga. Nilikaliwa matanga nikiwa hai, na ndizi mkononi, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kunitazama. Kwa kitambo kidogo sikuwa na hakika ni yupi kati yetu aliyezikwa.

Tulishinda. Mwanamuziki alipanda jukwaani, akaomba ukumbi usimame kwa ajili ya msichana aliyecheza na ambaye hayupo. Ukumbi ukasimama. Sebuleni kwetu nasi tukasimama, na mimi pamoja nao. Kisha wakairusha klipu nzima.

Ilikuwa mimi kwenye toleka, mimi sokoni, mimi nikishuka kuelekea mtoni, na mama akilia kila nilipoonekana. Halafu ikaja Wagenia, na yaya. Nami sikuwa nimewahi kuiona sehemu ile. Alitembea peku juu ya miamba, amekonda, mifupa ya shingo imejitokeza, hatazami kamera. Alicheza kidogokidogo, akijaribu mguu kabla ya kuukanyagia. Maji yalikuwa yanachemka nyuma yake. Nilitaka kupiga kelele kwamba huyu hapa, huyu ndiye, tazameni sasa. Mama alikuwa anajifuta pua kwa ncha ya kitenge. Akainua macho, akamtazama yaya mpaka wimbo ukafika mwisho, akaniambia bila kugeuka: "Na pale iko wewe. Ulicheza muzuri pia."

Nilimtafuta papa kwa macho. Papa alikuwa anatazama sakafu.

Ningeweza kuyaacha pale, kama si mambo ya fulana. Kwetu, siku ya kuondoa matanga, ndugu huvaa fulana zenye picha ya marehemu. Mama wadogo walikuwa wamekipenda kile kicheko cha kwenye toleka, hivyo mama alituma mtu kwa mwanamuziki akakitoe kwenye klipu. Fulana zikaja zimefungwa kwenye mfuko. Uso wangu, jina la yaya, mwaka aliozaliwa, mwaka aliokufa.

Nilikasirika. Niliwakasirikia wote, na zaidi nilimkasirikia yaya, maana toka utotoni alikuwa na tabia ya kuchukua vitu vyangu bila kuuliza, viatu, chanuo, na sasa sura. Nililia kwa hasira hiyo kuliko nilivyolia makaburini. Kisha nikavaa fulana, kwa sababu mama alikuwa ameninyooshea na alikuwa anangoja.

Siku ile nilipita katikati ya watu waliobeba uso wangu vifuani. Bibi mmoja wa ukoo alikuja kwa mashua toka Yangambi, hakuwa ametuona miaka mingi. Alinitazama, akatazama kifua cha jirani yake, akanitazama tena, akafanya ishara ya msalaba na kuhamisha sahani yake mbali nami. Papa alivaa fulana yake ndani ya koti na kufunga vifungo vyote, na joto lile, jasho likimtiririka mpaka kwenye masikio. Hapo nikajua kwamba anajua.

Mama alivua nguo nyeusi, akarudi kwenye vitenge vyake vya maua, na kweli alinyamaza kama alivyoahidi. Hakudai tena kumwona yaya anatembea. Ni mimi niliyeshindwa kukaa. Nilikuwa na klipu kwenye simu, na kila nilipoitazama niliona jambo lile lile: mama alimngoja mwanawe miezi yote ile, mwanawe akaja, na mama akampita. Nilimwonea yaya huruma, kana kwamba amefika mlangoni akakuta kimya. Asubuhi moja, tukiwa wawili uani, nilimpa mama simu nikaiweka pale pa mtoni.

"Mama," nikasema, "huyu njo yaya. Yule wa toleka iko mimi."

Aliishika simu mbali, akaileta karibu. Yaya akavuka miamba, akajaribu mguu, akacheza. Mama alitazama hadi mwisho, akaniomba nirudishe, akatazama tena.

"Hapana," akasema. "Mutoto yangu hakukondaga hivi."

Ni yeye aliyekuwa akimwogesha hospitali, akiinua mikono ile mmoja baada ya mwingine ili asugue ubavuni. Nilifungua mdomo kumkumbusha. Nikaona anavyoishika simu kwa mikono miwili, nikaufunga.

"Huyu iko wewe," akaendelea, polepole. "Ile wakati ulikonda juu ya kumulilia yaya yako. Ulikataa chakula. Miye na papa yako tulikuwa tunakuangalia, tunaogopa tutazika wa pili. Na sikukuambia kitu."

Sikukonda wakati ule. Kila aliyekuja kutoa pole alileta chungu cha chakula, na mimi ndiye niliyevimaliza, nikila nimesimama jikoni usiku na mchana, nikijichukia. Lakini mama alikuwa ananitazama sasa, anangoja nijibu, na macho yake yalikuwa yamejaa.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Iko mimi."

Akapeleka kidole gumba kwenye kioo ili aipapase ile sura, na kidole kikaisimamisha video. Yaya akabaki pale, ameuelekea mto, mashavu yamebonyea. Mama akayapapasa. Hospitali alikuwa akimgombeza, akimwambia aamke, ale, aache uvivu wa kuugua, na hakuwahi kumwambia neno lingine hadi mwisho.

"Pole, mama yangu," akamwambia sasa yule wa kwenye kioo; kwetu binti huitwa mama. "Uliteswa sana, na miye nilikuacha peke yako."

Nikakaa kimya kabisa, ili yaya asikie.