Mchungaji wa wodi ya wazazi

Alikuwa na mikono mipana kama ya fundi mwashi, na kila alipofika kitandani aliuliza kwanza, "Nikae, mwanangu, au nipite?" Muuguzi wa zamu alimpendea hilo. Akiambiwa apite, mchungaji alipita bila kinyongo, akisugua miwani yake kwa ncha ya shati. Mchana mmoja ndugu wa mgonjwa mmoja mjamzito walimwita koridoni. Daktari alikuwa amesema moyo wa mgonjwa hautaistahimili ile mimba, nao walikuwa wamevutana hadi sauti zimekauka. Mama mkwe alishikilia kwamba kuitoa ni dhambi, mume akasema Mungu hawezi kutaka azike wawili. Wakamgeukia mchungaji awakatie shauri. "Mwenyewe anasemaje?" akauliza. Wakatazamana. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Aliingia, akakaribishwa, akakaa. "Imani yangu inasema uhai ni amana tangu tumboni," alimwambia mgonjwa, hakumficha. "Na wako pia ni amana, mwanangu. Lolote utakaloamua, mimi nipo." Mgonjwa alilia sana, kisha akasema anataka kuishi. Mama mkwe, aliyekuwa mlangoni, akaja kumfuta machozi kwa kiganja chake mwenyewe. Kesho yake, matibabu yakiwa yamekwisha salama, mgonjwa alimwomba mchungaji amwombee apate usingizi. Akaomba, sauti ikashuka, ikashuka, mpaka mchungaji akaanza kukoroma yeye. Muuguzi akasogea amwamshe.

"Mwache baba wa watu," mgonjwa alinong'ona, akijizuia kucheka. "Amechoka."