Fundi Bipu na Simu ya Matroni

Mtaa mzima ulimwita Fundi Bipu, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Kushona alijua, mwenye tumbo alitoka kwake amenyooka. Lakini vocha ilimuuma kuliko sindano kidoleni. Akajitungia sheria na kuwafundisha wateja: akikubipu mara moja, nguo yako iko tayari, mara mbili, njoo ujaribu. Wewe ukimbipu, naye anakubipu, yaani amekusikia. Biashara ikaenda hivyo bila neno kusemwa, na Fundi akajiona mjanja wa mji.

Kwake alikaa wifi yake, dada wa mumewe, aliyehamia hapo baada ya kuvunjika nyonga. Wifi alishinda kwenye kiti karibu na pasi, akikata nyuzi zilizobaki kwenye nguo na kuongea. Aliongea na wapita njia, na watoto, hata na kuku wa jirani. Fundi alimpenda, ila simu alimficha.

"Wifi, hiyo usiiguse. Mdomo wako utatufilisi."

"Haya, wifi yangu. Mimi na mdomo wangu tunyamaze." Alicheka, lakini moyoni alijiona mzigo. Mfuko wake wa safari ulikuwa umeshafungwa chini ya kitanda, na Fundi aliuona kila alipofagia, akaupitisha ufagio pembeni.

Wakati huo Fundi aliomba Mungu ampe kazi moja tu: sare za wauguzi wa hospitali iliyo ng'ambo ya barabara. Alikuwa amechoka na viraka na kufupisha suruali za watu. Alipeleka gauni la mfano, likasifiwa, na Matroni, mkuu wa wauguzi, akachukua namba yake akasema atampigia.

Basi simu ikaita, namba ngeni. Fundi alikuwa katikati ya mshono. Kwa mazoea akaiacha ikatike, kisha akabipu. Ikaita tena.

"Huyu naye hajafundwa," akasema, akabipu tena. Simu ikanyamaza, naye akaendelea na zipu yake kwa amani.

Ukweli uliletwa na muuguzi mmoja aliyefuata sketi yake. Alicheka mpaka akashika meza.

"Fundi, Matroni amekasirika! Anasema anampigia fundi wa sare, fundi anambipu kama mpenzi wa shule. Kesho kazi anampa mwingine."

Rahisi huvunja upishi, na hapa chungu kilikuwa kinapasuka mbele ya macho ya Fundi. Alikimbia dukani kununua kifurushi cha dakika, akashangaa: maongezi ya siku nzima kwa bei ya kipande cha sabuni! Miaka yote hiyo hakuwahi hata kuuliza. Aliporudi akashika simu, akakohoa, maneno yakagoma. Alikuwa amesahau kuongea na mteja.

"Lete hapa," akasema wifi.

Fundi akaipiga ile namba ngeni, akampa.

"Matroni, habari za kazi? Hapa ni kwa fundi wa sare. Tumekukosea, dada, tusamehe. Huyu wifi yangu anajua kushona, kuongea hajui, ndiyo maana Mungu akamletea mimi."

Kicheko kikasikika mpaka kwenye cherehani.

"Sauti hii naijua! Si wewe wa nyonga, uliyenichekeshea wodi nzima hadi wagonjwa wakakataa kulala?"

"Ndiye mimi, na nyonga yenu bado ninayo."

Wakaongea weee. Fundi alisimama pale akihesabu dakika kwa mazoea, mpaka aliposikia, "Mwambie aje asubuhi na futi yake atupime." Akakaa chini akalia kwa furaha.

Siku hizi mwenye simu ni wifi. Asubuhi wananunua kifurushi, na anayepiga anapokelewa, kwani kupokea hakulipiwi. Na ule mfuko wa safari Fundi aliufungua siku ileile, akazirudisha nguo za wifi kabatini moja moja. Sare za kwanza zilipokamilika, alizibebea humo kwenda hospitali.